Kuhamisha kompyuta za ofisi kwenda Linux: utaratibu ninaoutumia Arusha

Mwezi wa nne, masika yakikolea, magari ya safari yanaingia gereji. Wageni wamepungua, na mwenye kampuni anapata nafasi ya kushusha injini na kubadilisha springi kabla mwezi wa sita haujafika. Kompyuta za ofisi nazo zishughulikiwe wakati huohuo, maana ukifika mwezi wa saba hakuna atakayekubali uzime mashine yake hata kwa nusu saa.

Nimeandika kwa ajili ya ofisi yenye kompyuta kati ya tano na thelathini: kampuni ya utalii, duka la vipuri, shule binafsi, ofisi ya mawakili. Mifano mingi ni ya utalii kwa kuwa huko ndiko ninakoshinda, kuanzia Kijenge hadi Sakina.

Kwa nini uhame? Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya usalama ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kwa hiyo zile Core i5 za kizazi cha 4 na cha 6 tulizonunua mitumba, ambazo bado ni nzima kabisa, zimeachwa nje. Microsoft inaziuzia kampuni ulinzi wa nyongeza wa Windows 10 kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei inakuwa maradufu kila mwaka, na mwisho ni miaka 3. Wengine wanaita kijana aje "kupiga Windows" iliyovunjwa leseni. Hilo silikubali kwa mteja wangu yeyote. Programu ya kuvunjia leseni hukwambia kwanza uzime antivirusi, nawe unaizima kwenye mashine yenye nakala za pasi za kusafiria za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za mgeni zikivuja, wa kuulizwa ni wewe uliyezikusanya.

Linux ni mfumo wa chanzo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Hauna ada ya leseni, na unaweza kuuweka kwenye kompyuta moja au mia. Kazi ya kuhama ina gharama yake, hasa ya muda, na mwenye ofisi aambiwe hivyo mapema.

Utaratibu wangu una kanuni moja inayobeba mengine yote: hamisha kazi kwanza, mashine iwe ya mwisho. Askari wa Gendarmerie ya Ufaransa walifanya hivyo. Mwaka 2005 walianza kutumia OpenOffice, programu huria za ofisi mfano wa Word na Excel, wakiwa bado kwenye Windows, wakafuatia Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe, na Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ikaanza kuingia mwaka 2008. Kufikia hapo askari alikuwa anakutana na programu zilezile alizokwisha zizoea.

Hatua ya 1: Kaa na watu siku mbili

Chukua daftari, keti pembeni ya kila mtu ofisini, uangalie anachofanya tangu anapowasha mashine. Usiulize "unatumia programu gani?" kwa sababu atakujibu "Word na Excel" na kuishia hapo. Ukikaa naye ndipo unaona kwamba dada wa booking anafungua faili la bei lenye makro (amri zilizoandikwa ndani ya Excel zijiendeshe zenyewe), anakopi bei za lodge, anabandika kwenye ratiba ya safari, anageuza kuwa PDF, kisha anaingia kwenye tovuti ya serikali kuchukua namba ya malipo ya hifadhi. Andika kila hatua. Andika pia RAM ya mashine, prosesa, aina ya diski, printa inayotumika na mahali mafaili yanapokaa. Mara nyingi yanakaa kwenye desktop, na hayana nakala popote.

Hatua ya 2: Tenga kazi zitakazogoma

Pitia daftari na uweke alama nyekundu kwenye kazi zisizoweza kuhama. Hapa mjini nimekutana na hizi: programu za uhasibu za Tally na QuickBooks za kusakinishwa, programu ya mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, na kamera za ulinzi za zamani zinazotaka Internet Explorer. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ichunguzwe peke yake. Ile inayosimama mezani na kutoa risiti yenyewe haina habari na kompyuta yako, na ile ya mtandaoni inayofunguliwa kwa kivinjari haina tatizo. Yenye utata ni ile inayofungwa kwa waya kwenye kompyuta ili itie saini ankara, kwa sababu hutegemea programu ya Windows. Mpigie aliyekuuzia kabla ya kugusa chochote.

Kwa kazi za alama nyekundu, bakiza kompyuta moja au mbili za Windows zenye leseni halali na zinazokubali Windows 11. Kuna Wine, programu inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, lakini mimi siweki vitabu vya hesabu vya kampuni juu yake. Siku ikigoma katikati ya mishahara hutakuwa na pa kukimbilia. Mhasibu abaki na Windows yake mpaka programu yake ya hesabu nayo ibadilishwe, na aelezwe kuwa hilo ni sehemu ya mpango, asijione ameachwa nyuma.

Hatua ya 3: Badilisha programu mkiwa bado kwenye Windows

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo ambayo watu huiruka. Sakinisha LibreOffice (iliyotokana na OpenOffice), Firefox na Thunderbird kwenye Windows zilizopo, kisha ofisi izitumie mwezi mzima. Kinachogoma kitagoma sasa, wakati Excel bado ipo kwenye mashine na mtu anaweza kurudi kumalizia kazi ya mteja.

Mambo matatu yatakusumbua. La kwanza ni fonti. Ratiba ya safari iliyopangwa vizuri kwa Calibri, yenye picha ya tembo pembeni, itafunguka ikiwa imemwagika hadi ukurasa wa pili. Dawa yake ni fonti mbadala zenye vipimo vilevile: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria, na familia ya Liberation kwa Arial na Times New Roman. Hakikisha zipo kwenye kila kompyuta, halafu fungua ratiba zako kumi zinazotumika zaidi, moja baada ya nyingine, uzirekebishe kwa mkono na uzihifadhi upya kama violezo vya LibreOffice. Ni kazi ya siku moja na inafuta nusu ya malalamiko.

La pili ni makro za Excel. Baadhi zitafanya kazi, nyingi hazitafanya. Usihangaike kuzitafsiri mstari kwa mstari. Faili la bei nililolikuta ofisi moja ya Njiro lilikuwa na makro ya mistari zaidi ya mia mbili, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha ondoka, na kazi yake yote ilikuwa kutafuta bei ya lodge kwa msimu na kuzidisha kwa idadi ya wageni. Tulikaa na dada wa booking mchana mmoja tukalijenga upya kwa fomula ya VLOOKUP na karatasi moja ya misimu. Yeye ndiye aliyeziandika zile fomula, mimi nilikuwa naelekeza tu. Bei za lodge zilipobadilika mwaka uliofuata alizibadilisha mwenyewe bila kuniita.

La tatu ni aina ya faili. Wekeni sheria moja fupi ukutani: mafaili ya ndani yahifadhiwe kwa mfumo wa LibreOffice, kinachokwenda kwa mgeni kiwe PDF, na docx itumike tu pale mtu wa nje anapotaka kuhariri.

Nyongeza kwa wanaoandika barua za Kiswahili: LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Kiswahili hakijaanza juzi kwenye programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Najivunia kazi ile, na huwasimulia wafanyakazi ninapoanza kuwafundisha.

Hatua ya 4: Okoa barua pepe kabla ya kitu kingine

Hapa niliwahi kuumia. Ofisi moja, miaka ya nyuma, nilinakili Documents, Desktop na Pictures za mashine ya booking, nikafuta diski, nikaweka Linux. Asubuhi dada alifungua Thunderbird akakuta barua za siku ile tu. Akaunti yao ilikuwa ya POP3: barua zinashushwa kwenye kompyuta na kufutwa kwenye seva. Barua zote za miaka zilikuwa ndani ya faili moja la PST, na Outlook 2007 yao ililiweka kwenye AppData, folda iliyofichwa ambayo sikuigusa. Tuliokoa kiasi kwa programu ya kurejesha mafaili, kiasi kikapotea. Yule dada alikaa wiki nzima akiwaandikia wageni waliokwisha lipia, akiwaomba wamtumie tena mazungumzo yao. Sikuwahi kusahau.

Kwa hiyo fanya hivi, Windows ikiwa bado hai. Fungua mipangilio ya Outlook uone kama akaunti ni POP3 au IMAP, ambayo huacha barua kwenye seva. Kama ni POP3, ongeza akaunti ileile kwa IMAP, uhakikishe kwa mwenye seva kuwa nafasi inatosha, kisha buruta folda za zamani kuzipeleka kwenye akaunti ya IMAP. Kwa intaneti ya kawaida ya ofisi itachukua usiku mzima au zaidi, kwa hiyo iache ikitembea huku kompyuta ikiwa kwenye UPS. Asubuhi fungua barua hizo kutoka kompyuta nyingine kabisa. Ukiziona huko, zimeokoka. Chukua pia majina ya anwani, alama za kurasa na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Hatua ya 5: Jaribu kwa flashi

Kuna aina nyingi za Linux na utapoteza mwezi ukizilinganisha. Kwa ofisi naweka Linux Mint, kwa sababu menyu iko chini kushoto pale macho yalipozoea, na toleo la 22 lina ahadi ya masasisho hadi 2029. Mint ina sura kadhaa: mashine yenye RAM ya GB 4 ipewe ya Xfce, iliyo nyepesi, yenye GB 8 ipewe Cinnamon. Ubuntu nayo ni nzuri kama fundi wako anaifahamu zaidi.

Pakua mara moja, usiku, kwa bando kubwa, maana faili linakaribia GB 3. Linganisha alama ya SHA256 ya faili, ile namba ndefu ya kuhakiki kwamba limefika zima, na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililokatika katikati ya kupakua huleta makosa ya ajabu ambayo utayatafutia sababu siku nzima. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, washa kompyuta kwa flashi hiyo (kwa Dell na Lenovo bonyeza F12, kwa HP F9), nawe utapata Linux inayotembea bila kugusa diski. Kagua Wi-Fi, sauti, skrini ya pili, skana na printa. Rudia kwa kila aina ya mashine iliyopo ofisini.

Printa ndiyo itakayokula muda wako. HP LaserJet P1102 na 1020, ambazo zimejaa maofisini, zinahitaji HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux, pamoja na kiongezi chake kinachopakuliwa. Endesha hp-setup na ukubali kikiulizwa. Canon za zamani za LBP zinazotumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, ni ngumu, na ushauri wangu ni kuifunga kwenye ile kompyuta ya Windows iliyobaki na kuishirikisha kwa mtandao. Printa mpya za mtandao huonekana zenyewe.

Hatua ya 6: Diski mpya, ya zamani iingie bahasha

Tangu yaliyonikuta sifuti diski ya mtu. Kila kompyuta inapata SSD mpya ya GB 240. Diski ya zamani inatoka jinsi ilivyo, inaingia kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa jina la mtumiaji, tarehe na namba ya mashine, na bahasha zote zinafungiwa kwenye kabati la mhasibu. Mambo yakiharibika, unafungua skrubu mbili, unarudisha diski, na mtu anaendelea na Windows yake kama jana. Faida ya pili ni kasi. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano sasa inawaka kabla chai haijamiminwa, na mtumiaji huanza kuipenda Linux kabla hajafungua kitu.

Kama laptopu ina BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, chukua kwanza ufunguo wa kurejesha na uuandike kwenye bahasha hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kusakinisha

Andaa mashine moja vizuri, kisha unakili diski yake kwenye nyingine kwa programu ya Clonezilla. Kwenye mashine hiyo ya mfano:

- fungua akaunti ya msimamizi kwa ajili yako, na akaunti ya kawaida kwa mfanyakazi, isiyo na ruhusa ya kusakinisha programu;
- kwa laptopu zinazotoka nje ya ofisi, chagua usimbaji wa diski nzima wakati wa kusakinisha, na usimamie hilo laptopu kwa laptopu;
- washa ukuta wa moto, ambao kwa Mint huja umezimwa;
- panga Timeshift ili mfumo uweze kurudi nyuma sasisho likileta shida. Timeshift hailindi mafaili ya mtumiaji, hayo yanahitaji bakapu yake.

Ukimaliza kunakili, badilisha jina la kila kompyuta na uzalishe upya machine-id, namba ya utambulisho ya mashine, la sivyo mashine mbili zitagombania anwani moja kwenye mtandao.

Jambo moja la faida kwa sisi tunaolipa intaneti kwa uchungu: weka apt-cacher-ng, programu ya kutunza masasisho, kwenye kompyuta moja inayowaka siku nzima. Sasisho linashuka mara moja kutoka nje, na mashine nyingine zote zinalichota hapo ndani. Kompyuta hiyohiyo inaweza kuwa seva ya mafaili kwa Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao, iwe na UPS, na bakapu ya kila usiku iende kwenye diski ya nje, pamoja na diski ya pili inayolala nyumbani kwa bosi.

Hatua ya 8: Nani aanze, lini

Anza na mtu mmoja mwenye moyo wa kujaribu, asiwe bosi wala mhasibu. Baada ya wiki mbili ongeza wawili au watatu, halafu idara nzima. Epuka tarehe za kodi: PAYE ni tarehe 7, VAT ni tarehe 20, na mwisho wa mwezi ni mishahara. Dirisha lako zuri ni kati ya tarehe 21 na 25.

Siku ya kwanza uwepo ofisini tangu saa mbili asubuhi na usiondoke. Mapokezi, mama mmoja mtu mzima alinipokea hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Word yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo mama, ni ileile uliyoitumia mwezi uliopita, hii hapa yenye karatasi ya bluu."

"Na picha ya mjukuu wangu iliyokuwa hapa nyuma?"

Picha ilikuwa kwenye ile diski ya bahasha. Nilifungua kabati, nikaichomeka kwa waya wa USB, tukaiweka pale ilipokuwa, na yule mama akaanza kazi. Tangu hapo picha ya skrini naiandika kwenye daftari siku ya kwanza, pamoja na mpangilio wa alama za desktop.

Flashi kutoka stationery zitaendelea kuletwa, zikiwa na vile virusi vinavyogeuza kila folda kuwa shotikati. Kwenye Linux shotikati hizo hazifanyi kitu, na mafaili halisi yaliyofichwa utayaona. Ila usiipeleke flashi hiyo kwa mhasibu mwenye Windows. Nakili unachokihitaji, kisha ifomati.

Weka daftari la malalamiko mezani, kila mtu aandike kinachomkera hata kiwe kidogo, nawe ulipitie kila jioni kwa wiki ya kwanza. Mji wa München nchini Ujerumani ulihamisha kompyuta karibu 15,000 kwenda Linux kufikia 2013, na mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Siasa ilikuwemo, na manung'uniko ya watumiaji yalikuwemo. Ofisi ya watu kumi na wawili ina nafasi ambayo mji mkubwa haukuwa nayo: unaweza kumjibu kila mtu kwa jina lake, siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Zile bahasha

Ziache kabatini hadi ritani ya mwaka iwe imepelekwa na kila mtu amethibitisha kwa saini kwamba hakuna faili linalokosekana. Kisha chomeka diski moja moja, angalia jina lake mara mbili kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, na uifute kwa sudo shred -v -n 1 /dev/sdX, ukiweka herufi sahihi mahali pa X. Diski ya GB 500 huchukua zaidi ya saa moja. Iliyofutika na bado nzima inafaa kwa bakapu, na iliyoanza kulia ivunjwe kwa nyundo kabla ya kutoka ofisini, kwa sababu pasi za wageni bado zimo.